Je, Wajua? Kilemba cha Porsche

Je, wajua kwamba Kariakoo anayeingia kwenye fremu ya duka ndiye anayetoa kilemba, yaani pesa ya kuachiana nafasi, lakini Marekani, kwenye mkataba wa gari la kifahari, kilemba hutolewa na anayetoka? Mtu kakodi Porsche 911 kwa miezi 36. Mwezi wa 22 amezaliwa mtoto wa pili, au kazi imeota mbawa. Kuliuza gari hawezi, maana si lake, na mbele kuna miezi 14 ya kulipa. Ukikubali kuubeba mzigo huo, anakupa pesa na funguo juu.

Je, wajua anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa kukodisha magari kwa muda mrefu ni Zollie Frank, muuza magari wa Chicago? Alianza mwaka 1939, na wateja wake walikuwa makampuni yenye mawakala wa mauzo. Mambo ya Porsche yalikuwa mbali kabisa.

Je, wajua malipo ya mwezi hayatokani na bei ya gari? Unalipia thamani itakayopotea ukiwa nalo, pamoja na riba. Chukua gari la dola 120,000 linalokadiriwa kubaki na thamani ya 60,000 baada ya miezi 36. Zile 60,000 zinazoyeyuka zigawe kwa 36: 1,666.67. Kisha jumlisha 120,000 na 60,000, uzidishe kwa namba ya riba iliyo kwenye mkataba, tuseme 0.0025: 450. Kwa mwezi ni dola 2,116.67, kabla ya kodi ya jimbo. Namba hiyo ya riba huandikwa kidogo hivyo hata mtu akaiona haina madhara. Izidishe kwa 2,400 ndipo uione sura yake: asilimia 6 kwa mwaka.

Anayekuachia gari anaweza kukuambia, “Kaka, mimi nilitanguliza dola 8,000, nirudishie japo nusu.” Je, wajua huna sababu ya kumrudishia? Pesa ile ilishamezwa na mkataba siku ya kwanza ili malipo ya mwezi yashuke. Dhamana ni jambo jingine. Kama aliweka dhamana ambayo kampuni itairudisha mwishoni, na wewe ndiye utakayeipokea, hapo dai lake ni la haki. Muulize ni ipi kati ya hizo mbili, na uone ankara.

Je, wajua bei halisi ya mkataba wa kurithi iko kwenye maili? Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Mkataba wetu wa miezi 36 unaruhusu maili 7,500 kwa mwaka, yaani 22,500 kwa jumla. Kwa magari ya spoti hicho ni kiwango cha kawaida. Odometa inasoma 18,900. Muda uliotumika ni asilimia 61, maili zilizotumika ni asilimia 84. Zimebaki 3,600 kwa miezi 14, yaani maili 257 kwa mwezi, ambazo ni za kwenda kanisani na kurudi. Wewe unaendesha 700 kwa mwezi. Utazidisha maili 6,200, na kama kila maili ya ziada inatozwa senti 50, siku ya kurudisha utakuta bili ya dola 3,100. Kwa hiyo kilemba cha dola 2,000 kilichokufurahisha kwenye simu kinakuacha na hasara ya 1,100. Mjibu hivi: “Kaka, hapo hujanipa kilemba, umenipa deni.” Kisha nyamaza. Kila mwezi gari likikaa kwake bila mchukuaji, analipa yeye.

Je, wajua baridi ni dalali mzuri? Magari mengi ya spoti huuzwa na tairi za kiangazi, ambazo hupoteza mshiko joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kwa mtu wa Minneapolis, mwezi Januari, gari la namna hiyo ni pambo la gereji linalodai pesa kila tarehe mosi. Mpigie simu wakati huo.

Je, wajua sarafu ya senti 25 ni kifaa cha ukaguzi? Mikataba mingi hudai tairi zirudi na kina cha kashata kisichopungua moja ya nane ya inchi, yaani kama milimita 3. Piga goti kando ya gurudumu la nyuma. Chomeka sarafu kichwa chini ndani ya mfereji wa tairi. Kilele cha kichwa cha George Washington kikionekana chote, tairi imekwisha kwa macho ya kampuni, hata kama polisi hawatakusimamisha. Pima upande wa ndani pia, unaohitaji kuingiza mkono hadi kwenye vumbi jeusi la breki. Magari haya hula tairi kwa ndani, na anayetoka hupiga picha kwa nje. Kwenye 911 Carrera S ya kizazi cha 992, tairi za nyuma ni za inchi 21 na za mbele inchi 20, hivyo huwezi kuzibadilisha mbele na nyuma ili zilike sawa. Ukishasimama, washa kamera ya simu na uipitishe chini ya bampa la mbele. Mikwaruzo ya matuta hukaa huko.

Je, wajua kompyuta ya Porsche huweka kumbukumbu ya injini iliyopigishwa mizunguko kupita kiasi? Kumbukumbu hiyo imegawanywa katika ngazi 6. Za chini hazina neno. Za juu, hasa kwenye gari la gia za mkono, mara nyingi humaanisha dereva alitaka gia ya nne akaangukia ya pili akiwa kwenye kasi. Fundi wa wakala anaweza kuichapisha. Anayetoka akikataa ichapishwe, tayari ameshakujibu.

Je, wajua ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 inayolazimisha kampuni kumweleza mteja gharama zote za mkataba wa kukodi, lakini gari la kifahari linaweza kuponyoka? Sheria ina kikomo, ambacho mwaka 2025 kilikuwa jumla ya malipo ya dola 71,900. Rudi kwenye hesabu yetu: 2,116.67 mara 36 ni 76,200. Gari letu limeshatoka nje ya ua. Ndiyo maana usome mwenyewe, hasa kipengele cha thamani ya mwisho. Baadhi ya mikataba ya magari ya bei ya juu iko wazi mwishoni: thamani ya soko ikishuka chini ya makadirio, pengo unaziba wewe, si kampuni. Mkataba wa namna hiyo mimi nisingeurithi hata kwa kilemba kinono.

Thamani ya mwisho, hata hivyo, ina upande mtamu. Mwaka 2021 bei za magari yaliyotumika Marekani zilipanda kwa takriban asilimia 37, na waliokuwa na mikataba ya zamani wakajikuta na haki ya kununua gari kwa bei iliyopangwa kabla ya mfumuko. Mwaka huo anayetoka alikuwa na jeuri ya kudai kilemba yeye.

Je, wajua mkipatana nyote wawili bado hamjamaliza? Mwenye gari ni kampuni ya fedha, nayo itakagua historia yako ya mikopo, ile alama ya 300 hadi 850. Aliyewasili Houston mwaka jana, hata awe na mshahara mnono, anaweza kukataliwa kwa kuwa hajawahi kudaiwa na mtu. Kampuni nyingine hazihamishi mikataba kabisa; nyingine hukataa miezi michache ya mwisho; na nyingine humwachia mkodi wa kwanza jina lake mle mle, hivyo wewe ukishindwa kulipa anaandamwa yeye. Usitoe gari nje ya gereji yake kabla barua ya kampuni haijafika. Na kilemba kilipwe siku hiyo hiyo.

Je, wajua husimuliwa kwamba Steve Jobs alikuwa akibadilisha Mercedes SL 55 AMG ya kukodi kila baada ya miezi sita, ili asifunge namba? California ilimpa mwenye gari jipya muda wa miezi hiyo. Mwanya huo ulizibwa tarehe 1 Januari 2019, zaidi ya miaka saba baada ya kifo chake.

Na je, wajua huwezi kulitia gari hilo kwenye kontena la Mombasa? Forodha ya Marekani hutaka hati ya umiliki saa 72 kabla ya kusafirisha, na hati iko kwa kampuni. Hata ungeipata, usukani uko kushoto.