Mgonjwa wa saratani asifungiwe kitandani

Katika nyumba zetu nyingi, mtu akishaambiwa ana saratani, huruma yetu humfanya mahututi kabla ya wakati. Mama hanyanyui hata ufagio, baba akitaka kwenda msikitini kwa miguu huambiwa, "Pumzika, mzee, tutakuitia bodaboda." Tunafanya hivyo kwa mapenzi, lakini mapenzi hayo yana madhara yake.

Uchovu wa saratani na wa dawa zake si kama ule wa shamba, unaoondoka mtu akilala. Mwili ukilazwa mchana kutwa misuli husinyaa, moyo na mapafu hulegea, na hatua chache tu humtoa mgonjwa jasho. Hapo sisi hudhani maradhi yamezidi, tukamwamuru alale tena. Kutembea kwa haraka, hadi pumzi ipande bila kukatika, humtoa katika mtego huo: uchovu hupungua, na wasiwasi na huzuni pia.

Ushahidi mzito ulitolewa mwaka 2025. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao Kanada na Australia, walikuwa wamemaliza upasuaji na tibakemikali. Nusu yao walipewa vijitabu vya afya tu. Nusu wakaongezewa msimamizi wa mazoezi kwa miaka mitatu. Kiasi kilichotakiwa kiliweza kutimizwa kwa kutembea haraka dakika 45 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya miaka minane, katika kila 100 wa kundi la mazoezi, 90 walikuwa hai. Katika kundi la vijitabu, 83. Maumivu ya misuli na viungo yaliwapata zaidi wenye mazoezi, nalo halikufichwa.

Hatusemi viatu vichukue nafasi ya dawa. Daktari aulizwe kwanza, hasa saratani ikiwa imefika mifupani. Na siku ya homa, kizunguzungu au kifua kubana, mgonjwa apelekwe hospitali, si matembezini.

Jamaa wanaokuja kumzuru, basi, waje baada ya swala ya alfajiri, jua halijachoma. Watoke naye hadi kona ya mtaa na kurudi; wiki ijayo waivuke kona. Mama anayeona haya kutazamwa barabarani atembee na binti zake, au azunguke uani. Akichoka, wakae naye kibarazani, ndipo yamenywe machungwa waliyomletea.