Panya wa Masaba asiye na mlima wa pili

Mkazi wa Mafubira, Uganda, hahitaji kufundishwa panya. Wa kwenye miwa anawajua, wa darini anawajua zaidi. Lakini apande gari hadi Mbale, afike Budadiri, kisha aukwee Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, mpaka migomba iishe, mianzi iishe, na miti yenyewe ishindwe na baridi. Huko juu, kwenye nyasi ngumu na lobelia, yuko panya asiyeishi mlima mwingine wowote duniani.

Wataalamu humwita Otomys jacksoni. Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda, alipita Elgon na msafara wake mwaka 1890. Mwaka uliofuata mtaalamu Oldfield Thomas wa London alimtangaza mnyama huyo, kutokana na sampuli iliyotoka kwenye kasoko, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Jina akapewa mkubwa wa msafara. Wapagazi waliobeba mizigo hawakuachiwa hata panya.

Ni mnene, manyoya marefu, pua butu, mkia mfupi. Nafaka hana haja nayo: hula nyasi, na magego yake yana matuta yaliyopangwa kama tupa ili azisage. Hupita kwenye vijia vyake chini ya majani, akiacha vipande vya mashina alivyokata. Mpandaji mwenye haraka ya kufika Wagagai, mita 4,321, huvikanyaga bila kujua.

Kinachonivutia zaidi ni uzazi. Panya wa nyumbani huzaa vitoto vingi, uchi na vipofu, akavificha. Majike wa jamii ya Otomys wana chuchu nne tu. Watoto ni wachache, huzaliwa na manyoya, na hung'ang'ania chuchu hata mama anapokimbia, wakiburuzwa naye.

Mnyama wa kuzaa kidogo hivyo hajazi pengo upesi moto unapoteketeza nyasi za kileleni. Wala hawezi kuhamia Mlima Kenya, maana katikati kuna nyanda za joto na mashamba. Ndugu zake wa huko wamekuwa spishi nyingine kabisa. Elgon yenyewe ina wa pili wa namna hii, Otomys barbouri, aliyetangazwa mwaka 1953. Naye haonekani penginepo. Watalii huulizia tembo wa mapangoni upande wa Kenya. Tembo wako nchi nyingi.