Kwa Mtumbwi Hadi Chini ya Mlima

Akina mama wasomaji, kijana akisema anakwenda kupanda mlima wa mbali, mzazi huwaza majabali. Sisi wauguzi tunawaza maji kwanza.

Kusini mwa Greenland kuna Tasermiut, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima kwa kilomita zipatazo 70. Barabara hakuna. Wapanda milima huanzia mji mdogo wa Nanortalik, na wengi wao hukodi boti. Wachache hupiga kafi wenyewe katika kayaki, ule mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, wamesheheni kamba, hema na chakula, hadi chini ya milima kama Ketil, ambao ukuta wake wa mwamba unapita mita 1,000.

Kayaki ni kazi ya Wainuiti, na hapa pana jambo linalotugusa wanawake. Zamani mwanamume aliunda kiunzi kwa miti iliyoletwa na mawimbi. Wanawake walikivika ngozi za sili, kwa mshono usiopitisha maji. Koti la mpiga kafi nalo walilishona wao, likafungwa kuzunguka tundu alimokaa. Uhai wa mume ulikuwa kwenye sindano ya mkewe! Tunaona washonaji hao hawajasifiwa vya kutosha.

Maji ya huko ni baridi kali hata wakati wa kiangazi. Anayetumbukia hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Mdomo ukiwa majini, huzama papo hapo. Kwa hiyo dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu. Baada ya dakika kama 10 vidole havishiki tena kamba wala mtumbwi. Lakini mwili hupoa polepole, na aliyevaa jaketi la kuokolea anaweza kukaa karibu saa nzima kabla ya kupoteza fahamu. Jaketi hilo livaliwe tangu ufukweni, lisifungwe nyuma ya mtumbwi kama mzigo.

Akiopolewa, mlazeni taratibu, mumvue nguo zilizolowa, mumkaushe bila kumsugua na kumfunika mpaka kichwani, uso ukiwa wazi. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, apewe kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari. Pombe hapana, maana huzidi kulitoa joto nje. Wala msimtembeze ili apate joto. Moyo uliopoa huvurugika upesi. Akiacha kutetemeka huku mwili bado ni baridi, msifurahi: hali imezidi kuwa mbaya, na msaada uitwe mara moja.