Mkono Ukiuma, Usingoje Mpaka Ushindwe Kukamua

Ndugu mkulima, mpini wa jembe lako ukilegea, huendelei kulima. Unaukaza kwanza, maana jembe linaweza kuchomoka na kumwumiza mtu. Lakini mkono wenyewe ukiuma, wengi wetu tunapaka mafuta, tunafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Twasema, "Ni uchovu tu, utapita."

Pengine utapita. Pengine hautapita, na siku moja utakuta vidole havina nguvu ya kubana chuchu ya ng'ombe. Hilo si jambo dogo. Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa kuwa mashamba madogo ya skimu, kazi nyingi katika mashamba hayo imefanywa kwa jembe, panga na vidole: kulima, kupalilia, kukata nepia, kukamua, kuchuma majani chai na pareto. Mkono ndio chombo cha kwanza cha shamba, nao hauuzwi dukani.

Maumivu ya mkono si ya namna moja. Kabla ya kutafuta dawa, jiulize maswali matatu: Panauma wapi? Panauma lini? Palianza kuuma vipi? Majibu yake yatakuonyesha kama yafaa kupumzika, kubadili namna ya kufanya kazi, au kwenda hospitali leo hii.

GANZI YA USIKU

Tuseme una ng'ombe watatu, nawe huwakamua kwa mkono asubuhi na jioni. Kesho hesabu mwenyewe ni mara ngapi unabana chuchu mpaka ndoo ijae. Utashangaa.

Sasa, usiku unaamka. Vidole vimekufa ganzi na vinachoma kama sindano. Unakung'uta mkono, na baada ya kitambo unapata nafuu. Angalia vizuri ni vidole vipi. Ikiwa ni kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, na kile kidogo cha mwisho hakina neno, yaelekea mshipa wa fahamu umebanwa.

Mshipa huo hupita katika njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono, pamoja na kano 9 za kukunja vidole. Upande mmoja wa njia hiyo ni mifupa, na upande wa pili ni ukanda mgumu. Njia haipanuki. Ndani yake pakivimba, mshipa ndio unaoumia. Taabu hii huwapata pia akina mama wajawazito, ambao mara nyingi hupona baada ya kujifungua, na watu wenye ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo ukiwa na ganzi ya namna hii, yafaa upimwe sukari pia.

Unapolala, funga kifundo kwa gango jepesi ili mkono ukae umenyooka, usikunjike. Usilifunge kwa kukaza sana. Mchana, gawana kazi ya kukamua na mtu mwingine. Majuma sita yakipita bila nafuu, mwone daktari.

Lakini ukianza kuangusha vikombe, au nyama ya shina la kidole gumba ikianza kukonda, usingoje hata hayo majuma sita. Daktari anaweza kuukata ule ukanda na kuupa mshipa nafasi. Ni upasuaji mdogo, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Aliyechelewa sana huweza kuondolewa maumivu, lakini nguvu zake zisirudi zote.

KIDOLE GUMBA

Pengine panauma kwenye kifundo, upande wa kidole gumba, hasa unapokamua nguo au kumwinua mtoto. Kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha mkono taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Ukisikia maumivu makali, yaelekea kano za kidole gumba zimebanwa katika ala yake. Daktari Mswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Chanzo kimoja ni kukamua kwa kukunja kidole gumba na kukikandamiza kwenye chuchu. Acha desturi hiyo. Shika chuchu kwa kiganja kizima. Funga juu kwa gumba na kidole cha shahada, kisha vidole vingine vifuate kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Usivute chuchu. Namna hii haiumizi mkono wako wala chuchu za ng'ombe. Na wewe mama, usimwinue mtoto kwa kumshika makwapani huku gumba zimetanuka. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio yake na mwingine mgongoni.

Wengine huamka asubuhi na kidole kimoja kimejikunja, nacho hufunguka kwa kishindo kidogo kama kufuli. Hapo kano imevimba na inakwama inapopita. Pumzisha kidole hicho. Kikiendelea kukwama, daktari ana sindano ya kukitibu.

ULIPOANGUKA

Umeteleza kwenye matope au umeanguka kutoka kwenye mkokoteni, ukajikinga kwa kiganja. Uvimbe ni mdogo, nawe unasema umeteguka tu. Bonyeza kile kishimo kilicho kwenye shina la kidole gumba, upande wa kifundo. Kikiuma, nenda hospitali. Huenda mfupa mdogo umepata ufa. Picha ya eksirei ya siku ya kwanza huenda isiuonyeshe, kwa hiyo daktari akikufunga plasta na kukuambia urudi baada ya majuma mawili, rudi. Damu haifiki vizuri katika mfupa huo. Ukiupuuza, huenda usiunge kamwe, na kifundo kikakaza maisha yako yote.

Tena, mtu akikufunga mkono mpaka vidole vikapoa, vikabadilika rangi au vikafa ganzi, legeza kitambaa mara moja uende hospitali.

MWIBA NA JERAHA

Mwiba mdogo umeleta hasara kubwa kwa wengi. Ukichomwa, osha kwa maji safi na sabuni, na uulize kituoni kama yakupasa kudungwa sindano ya kuzuia pepopunda. Kidole kikivimba chote, kikikaa kimekunjika na kuuma sana ukijaribu kukinyoosha, usilale nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikichue, wala usikipasue kwa wembe.

VIUNGO

Kwa wazee, shina la kidole gumba huuma wanapofungua chupa au kuzungusha ufunguo. Kiungo kimechakaa kwa miaka ya kazi. Lakini vifundo na vidole vya mikono yote miwili vikivimba, na kila asubuhi vikikaza kwa zaidi ya nusu saa, huenda ni baridi yabisi. Ugonjwa huu huwapata hata vijana. Una dawa, na dawa zikianza mapema huzuia vidole kupindika. Nacho kiungo kikivimba ghafula, kikawa cha moto na chekundu, huenda ni jongo au usaha. Usibahatishe. Mwache daktari apime.

Usiendelee kumeza vidonge vya maumivu siku nyingi bila shauri la mwuguzi au daktari. Vingine huharibu tumbo na figo, na vyote huweza kunyamazisha maumivu huku ugonjwa unaendelea.

KAZI ILE ILE, MAUMIVU MACHACHE

1. Mpini mwembamba hukulazimu kubana sana. Chonga mpini laini unaojaa kiganjani.
2. Noa panga na jembe. Panga butu humchosha mkataji kuliko nyasi zenyewe.
3. Usikate nepia asubuhi nzima. Kata kidogo, kabebe, kafanye kazi nyingine, kisha urudi.
4. Mkono ufanye kazi kifundo kikiwa kimenyooka, si kimepinda.
5. Kazi mpya ianze kidogo kidogo. Mikono iliyokaa miezi miwili bila jembe haifai kulima siku nzima.

Leo jioni, baada ya kukamua, iweke mikono yako yote miwili karibu na taa. Linganisha nyama ya shina la gumba la kulia na la kushoto. Gusisha kila gumba na ncha ya kidole kidogo, kisha mwambie mtu wa nyumbani ajaribu kuvitenganisha. Kama upande mmoja umekonda au hauna nguvu, kesho maziwa yakishapelekwa, usirudi shambani. Nenda kituo cha afya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mkono, ndugu yangu, hatuna fundi wa kuujenga upya.