Mvinyo wa Rozela Katika Joto la Mwambao

Mvinyo wa rozela, zao ambalo wengi huliita choya, hauko tayari siku povu linapotulia. Hamira imekwisha kula sukari na kileo kimefika asilimia 10 hadi 12 hivi, lakini kinywaji bado kina ukungu, kinawasha koo, na harufu ya hamira imeifunika ya choya. Kinachobaki ni kukikomaza, kazi ambayo katika kijiji cha mwambao wa ziwa kama Ilagala, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi wilayani Uvinza, ina adui mmoja mkubwa: joto.

Si kila kileo hufaa kuwekwa. Utomvu wa mchikichi, mti ule ule unaoipa Ilagala mawese, huanza kuchacha ukiwa bado unadondoka chomboni. Kwa siku moja unakuwa tembo kali, na baada ya siku mbili tatu unaelekea kuwa siki, kwa kuwa kileo chake ni kidogo na bakteria wa siki hawazuiliki. Ndiyo maana tembo hunywewa mapema. Mvinyo wa rozela una kinga mbili ambazo tembo halina, yaani kileo kingi zaidi na uchachu wa choya yenyewe. Karoti na bitiruti hazina uchachu huo, kwa hiyo anayezitumia kutengeneza mvinyo huongeza maji ya limau tangu mwanzo, na mvinyo wake huhitaji muda mrefu zaidi hadi ile ladha ya udongo ififie.

Kwanza mvinyo hutenganishwa na mashapo. Hamira iliyokufa hutulia chini ya dumu, na ikiachwa humo miezi mingi huoza na kutoa harufu mbaya. Mpira mwembamba, safi, hutumbukizwa juu ya mashapo ili mvinyo utiririke taratibu hadi chombo kingine bila kurushwarushwa, maana hewa inayoingia wakati huo huharibu rangi na kuwakaribisha bakteria wa siki. Baada ya mwezi au miwili hurudiwa tena. Chombo kijazwe hadi karibu na mdomo.

Haraka ya kuweka kwenye chupa ni hatari kweli. Mvinyo wenye sukari iliyobaki huendelea kuchacha ndani ya chupa iliyofungwa, gesi hujaa, na kioo hupasuka kwa nguvu inayoweza kumpofua mtu. Mvinyo uliotulia kabisa, usiotoa kipovu hata kimoja kwa majuma kadhaa, ndio wa kufungiwa.

Kisha ni mahali pa kuuweka. Vitabu vya Ulaya hutaja nyuzi 12 hadi 15 za selisiasi, joto la chumba cha chini ya ardhi. Ilagala joto la mchana hukaribia nyuzi 30, na chini ya paa la bati huzidi hapo. Kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka kwa joto: kioevu hutanuka na kunywea, kizibo kinalegea, hewa inapenya. Kwa hiyo shimo kwenye sakafu ya chumba chenye kivuli, chupa zikafukiwa mchangani, lina faida kubwa kuliko kabati lolote, kwani udongo wa chini haubadiliki sana kati ya mchana na usiku. Mwenye ndugu Kasulu, ambako ni zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ana bahati: huko kuna baridi zaidi, na mvinyo hukomaa polepole. Giza nalo ni la lazima. Wekundu wa choya hugeuka kahawia ukipigwa na mwanga na joto, na katika chupa nyeupe dirishani hufifia mapema.

Mvinyo wa rozela hunyweka vizuri baada ya miezi mitatu hadi sita. Kuuweka mwaka wa pili katika joto la ziwani hakuna faida, kwa sababu harufu ya choya hupotea. Wa bitiruti ndio unaostahili mwaka mzima.

Siku ya kuunywa, chupa husimamishwa tangu jana yake ili mashapo yatulie, kisha humiminwa polepole. Rozela hupendeza ikiwa baridi, na mahali pasipo na jokofu chupa iliyofungwa kitambaa kibichi na kuwekwa penye upepo hupoa vya kutosha. Uchachu wake hukata mafuta ya samaki aina ya mgebuka aliyepikwa kwa mawese na kuliwa na ugali wa muhogo; kwa chakula hicho hakuna mvinyo unaokifaa kuliko huu. Glasi ndogo inatosha. Kwa mgeni asiyekunywa kileo, kama wengi wa Ujiji, mji wenye Waislamu wengi tangu enzi za misafara ya biashara, mwenyeji mwenye adabu huwa na sharubati ya choya isiyochacha tayari.

Anayetaka kuuza anahitaji leseni ya vileo na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chupa iliyoanza kugeuka siki haimwagwi: ikiwa haina kuvu wala harufu ya kuoza, huachwa wazi, ikafunikwa kitambaa, hadi iwe siki ya kachumbari.