Udogo wa Chombo si Hoja, Hoja ni Maji

Likizo za shule zinapowadia, jamaa nyingi kutoka bara huteremka pwani, na baadhi yao hutamani kuvuka hadi visiwani: Wasini, Lamu, Manda, Pate. Hapo gatini ndipo swali huzuka. Je, tupande mashua hii ndogo pamoja na watoto, au tungoje chombo kikubwa? Aghalabu swali hilo huamuliwa kwa macho tu. Chombo kikubwa kikionekana, nyoyo hutulia. Kidogo kikionekana, nyoyo hupapa. Mimi nashikilia kwamba hicho si kipimo.

Wakenya tunayo sababu ya kulijua hilo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na ufuo kule Mombasa, na watu 272 wakaangamia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Vyombo hivyo havikuwa mashua za wavuvi. Vilikuwa vikubwa, lakini vilibebeshwa watu kupita kiasi, na ukubwa wake haukumwokoa mtu.

Kiswahili, kwa bahati njema, hakitupi neno moja la kufunika kila kinachoelea. Siku hizi wengi wetu husema "boti" tu, na neno hilo halitufahamishi mengi. Wazee wa pwani walitofautisha. Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, nao huyumba upesi. Ngalawa ni mtumbwi uliotiwa mbao za kuelea huku na huku ili usipinduke. Dau na mashua huundwa kwa mbao juu ya mkuku na mataruma. Na jahazi ni kubwa zaidi, la shehena na safari ndefu. Kila jina ni maelezo ya umbo, na kila umbo lina maji yake. Wahenga walisema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Kijito kilichotulia kati ya mikoko hakihitaji jahazi, na bahari iliyo wazi wakati wa kusi si mahali pa mtumbwi.

Nitatoa mfano. Agosti iliyopita nilikuwa Lamu pamoja na mke wangu, mama yangu na watoto wetu watatu, mdogo wao akiwa na umri wa miaka mitano. Tulikuwa tumealikwa Pate. Chombo cha abiria kilikwisha kuondoka asubuhi, na nahodha wa mashua ndogo ya mashini alikuwa tayari kutuvusha baada ya adhuhuri. Shemeji yangu alihimiza twende, kwani wenyeji wetu walikuwa wamekwisha kupika. Mke wangu aliutazama udogo wa mashua akasita. Mama, ambaye alizaliwa pwani, hakuitazama mashua hata kidogo. Alimwuliza nahodha, "Mwanangu, maji yaingia au yatoka?"

"Yatoka, mama," akajibu. "Na kusi inavuma. Mimi nitavuka, ila kwa watoto hawa, afadhali kesho asubuhi."

Nahodha yule hakuwa ametuficha jambo. Hakuwa ameulizwa.

Wasomaji wa bara huenda wakataka kujua maana ya jibu lake. Kutoka Lamu, chombo hufuata mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambako nchi kavu na mikoko hukinga upepo. Kisha hutokea katika Ghuba ya Manda, palipo wazi kuelekea bahari kuu, kabla ya kufika Mtangawanda kisiwani Pate. Kusi hutoka upande wa bahari na kuvuma kuingia ghubani. Maji yanapotoka, mkondo huelekea huko huko unakotoka upepo. Viwili hivyo vikikabiliana, mawimbi huinuka, yakawa mafupi na ya kusimama wima. Maji yakiingia, upepo na mkondo hufuatana, na mawimbi hulala. Mahali ni pale pale na upepo ni ule ule, lakini saa 6 hivi za kujaa au kupwa kwa maji hubadili kila kitu.

Tulingoja. Wenyeji wetu walipelekewa habari, na pilau ikaliwa na majirani. Fauka ya hayo, kule kungoja kulitupa nafasi ya kutafuta jaketi za kuokolea maisha za kipimo cha watoto, maana zilizokuwamo mashuani zilikuwa za watu wazima, na jaketi kubwa humvuka mtoto kichwani pindi aangukapo majini. Asubuhi ya pili, maji yakijaa na upepo ungali mpole, tulivuka salama. Tulivuka katika mashua ile ile, na nahodha yule yule.

Basi maswali ya kuuliza gatini si mengi. Maji yako vipi, na njia yetu inapita wapi palipo wazi? Ni wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, ambapo maji hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi, au ni maji mafu? Chombo kina leseni ya watu wangapi, nasi ni wangapi pamoja na mizigo? Jaketi zipo za kila mmoja, mtoto na mzee? Mashini ikizimika, lipo tanga au kasia? Kipo chombo cha kufulia maji ngamani? Nahodha hodari hachukii maswali haya. Anayeyachukia amekwisha kukujibu.

Najua kizuizi ni haya. Twaogopa kumvunjia nahodha heshima, au kuwaudhi wenyeji waliotuandalia. Tena twakumbuka kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini methali hiyo yahusu chombo kilicho safarini. Mkiwa majini, neno ni la nahodha. Mkiwa gatini, mzazi ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kusema "leo hatuendi" bila ya kuomba radhi.

Walimu wenzangu, jambo hili latuhusu darasani pia. Twawafundisha wanafunzi kwamba mpango umekwenda mrama, kwamba fulani ameshika usukani, kwamba timu ina nahodha. Wao huyakariri kwa ajili ya mtihani pasi na kujua kwamba mrama ni kuyumba kwa chombo. Neno nahodha, lenye asili ya Kiajemi, leo huwakumbusha mpira. Na rubani, aliyekuwa mwongoza vyombo baharini, amepaa angani. Hata jina Pwani limejengwa juu ya kitenzi kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa. Yaani watu walioipa nchi hiyo jina waliyatazama maji kwanza.

Naomba basi kabla ya likizo ya Agosti, ambapo kusi huwa na nguvu, kila mwalimu wa Kiswahili atenge kipindi kimoja. Awafundishe wanafunzi kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, na awaonyeshe kwamba saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Msamiati huo si pambo la insha. Mtoto aliyeujua anaweza kusimama gatini na kuwauliza wazazi wake swali ambalo wao wamelisahau.