Panya buku: Vitabuni muuaji, Morogoro mwokozi

Je, mwanao amewahi kukataa kulala baada ya kusoma hadithi ya panya mkubwa kama mbwa? Usimcheke. Waandishi wa Uingereza walianza kututia hofu hiyo kitambo. Mwaka 1904, H. G. Wells alisimulia juu ya chakula cha ajabu kilichowakuza panya hata wakamvamia daktari njiani usiku. Mwaka 1974, James Herbert akawaachilia panya wala watu jijini London.

Mbona panya, wala si sungura? Kwa sababu panya twamjua: hutumalizia mahindi ghalani na huzaana tusipoona. Mwandishi humwongeza kimo tu. Hofu tunayo tayari.

Hata hivyo, yuko panya buku wa kweli aliyeokoa maisha. Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania na shirika la APOPO la Morogoro, alinusa zaidi ya mabomu 100 ya ardhini na mabaki mengine ya vita nchini Kambodia. Kwa kilo 1.2 tu, hakuweza kuyalipua. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza.

Basi, mzazi, mwanao akifunga kitabu cha kutisha, msimulie pia habari za Magawa. Huenda akapata usingizi.